Bingwa wa shakuhachi huishi vipi? Jibu kwa mpiga filimbi wa Tanga

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi napiga filimbi kwenye kwaya hapa Tanga. Rafiki yangu alinitumia kipande cha filimbi ya mwanzi kutoka Japani, akaniambia kimerushwa angani na chombo cha Wamarekani. Nimekisikiliza mpaka mke wangu kachoka. Nataka kujua, mtu anayepiga vile anaishi vipi? Ni mtawa? Nimeona picha za watu waliovaa kapu kichwani. Analipwa na nani? Anasoma miaka mingapi mpaka aitwe bingwa? Na mimi naweza kuanza nikiwa huku huku?"

Marahaba, ndugu yangu. Mpe pole shemeji. Hata kwangu filimbi hii iliwahi kufukuzwa sebuleni ikahamia uani, jirani na banda la kuku.

Nianze na hicho kipande, maana kina nusu ya jibu. Kinaitwa Sokaku Reibo, kisa cha korongo kiotani, na anayepuliza ni Yamaguchi Goro. Yamaguchi ni jina la ukoo, Wajapani hulitanguliza. Vyombo viwili vya Voyager vilirushwa mwaka 1977, kila kimoja kimebeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye vipande 27 vya muziki wa dunia, na korongo wa Yamaguchi wamo humo kwa muda usiotimia dakika tano. Wamo pia wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo, na wimbo wao wa unyago. Zimo salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo. Hilo tuliruke, nikilianza sitalimaliza leo.

Yamaguchi hakuwa mtawa. Alizaliwa Tokyo mwaka 1933. Baba yake, Yamaguchi Shiro, alikuwa mpulizaji mkubwa wa filimbi hiyo hiyo, shakuhachi, na fundi wa kuitengeneza pia. Mtoto akakulia ndani ya sauti ile kama watoto wa mafundi wa majahazi wanavyokulia kwenye vumbi la randa. Baba alipofariki mwaka 1963, chama chao, Chikumeisha, kikawa mikononi mwa mwana. Akafundisha wanafunzi wake, akafundisha chuo kikuu cha sanaa cha taifa kule Tokyo, akarekodi, akapanda majukwaani. Mwaka 1992 serikali ilimtangaza kuwa mmoja wa wale ambao Wajapani huwaita hazina hai za taifa. Akafariki Januari 1999, umri miaka 65.

Ukiyatazama maisha hayo utaona hayana pango wala mlima wala miaka ya kufunga. Ni maisha ya mwalimu. Watu wengi wakisikia sauti ile hufikiria mzee mwenye ndevu peke yake msituni, na picha za matangazo huwasaidia kufikiri hivyo. Bingwa wa kweli utampata ndani ya chumba kidogo, mbele yake kuna mwanafunzi, na nje ya mlango kuna mwanafunzi mwingine anangoja zamu. Chumba hicho nitakirudia, lakini kwanza nikujibu la makapu.

Makapu ni ya kweli, ila ni ya zamani. Enzi ya Edo, kuanzia 1603 hadi 1868, kulikuwa na watawa wa madhehebu ya Fuke, tawi la Ubudha wa Zen. Waliitwa komuso, watawa wa utupu. Walizunguka mijini na vijijini wakipuliza shakuhachi na kupokea sadaka, kichwa chote kimezama ndani ya tenga lililosukwa, kwa kuwa mtu aliyeikana nafsi yake hana uso wa kuonyesha. Hiyo ndiyo sababu ya kidini. Sababu ya kidunia ni kwamba wengi wao walikuwa samurai waliopoteza mabwana zao, watu wenye aibu, madeni na visasi ambavyo havijalipwa, na tenga liliwafaa sana. Isitoshe walikuwa na ruhusa ya kupita vituo vya ukaguzi njiani, jambo ambalo kwa raia wa kawaida lilikuwa gumu, ndiyo maana watu walinong'ona kwamba baadhi yao ni wapelelezi. Waraka waliouonyesha kuthibitisha haki zao, wenye tarehe ya mwaka 1614, wanahistoria wameuona kuwa wa kughushi. Tena walighushi kwa ustadi. Serikali iliishi na waraka ule miaka mingi.

Hata kisa cha asili yao kina mashaka. Kinasema kwamba China, karne ya 9, alikuwako mtawa mmoja aitwaye Puhua, ambaye Wajapani wanamwita Fuke, akitembea mitaani akigonga kengele. Mtu mmoja akaupenda mlio ule, akaomba awe mwanafunzi wake, akakataliwa. Basi akachukua mwanzi akautoboa, akawa anaiga kengele asiyoruhusiwa kuikaribia. Kitabu kilichokieneza kisa hiki kilichapishwa mwaka 1795, karne nyingi baada ya hayo yanayosimuliwa, na kina kila dalili ya kutungwa. Mimi nakipenda hata hivyo. Lile neno reibo kwenye jina la kipande chako maana yake ni kuitamani kengele. Tungo nyingi za zamani za shakuhachi zina neno hilo, na ukilijua utaanza kusikia kwa nini sauti inaanza kwa nguvu halafu inafifia taratibu mpaka huwezi kusema imekoma wapi. Ndivyo kengele inavyofanya ikishagongwa.

Kati ya watawa hao ndimo alimotokea Kurosawa Kinko, aliyeishi 1710 hadi 1771, samurai mwenye asili ya Fukuoka. Alifundisha kwenye mahekalu ya Fuke ya upande wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, akakusanya tungo 36 zilizokuwa zimetawanyika hekalu hadi hekalu. Tungo za aina hiyo huitwa honkyoku, yaani tungo za asili. Mtindo wenye jina lake, Kinko, ndio wa akina Yamaguchi.

Kisha ukaja mwaka 1871. Serikali mpya ya Meiji ikayafuta madhehebu ya Fuke kwa amri. Hebu fikiria: jana mtu ana hekalu, ana kibali, ana njia ya kupata mchele wake, leo ni raia mwenye kipande cha mwanzi mkononi. Araki Kodo wa pili na mwenzake Yoshida Itcho wakaenda kuiomba serikali iiache shakuhachi iendelee kama ala ya muziki wa watu wote. Ombi likapita. Tangu hapo filimbi ya watawa ikaingia sebuleni moja kwa moja, ikapigwa pamoja na koto, ile ala ndefu ya kulazwa yenye nyuzi 13, na shamisen ya nyuzi tatu. Mwaka 1896 kijana wa takriban miaka 20, Nakao Tozan, akaanzisha mtindo wake mwenyewe Osaka, naye akaandika tungo mpya za kupigwa na watu wengi kwa pamoja. Mpaka leo ukikutana na mpulizaji, swali la kwanza ni Kinko au Tozan, kama hapa watu wanavyoulizana Simba au Yanga, ingawa wao huulizana kwa adabu zaidi.

Kwa hiyo huyu bingwa wa leo, anayepokea ada na kutoa vyeti, ni zao la amri ile. Kama Fuke isingefutwa, huenda Yamaguchi angevaa tenga.

Sasa chumba. Chini kuna mikeka ya tatami, katikati meza fupi. Mwalimu amepiga magoti upande huu, mwanafunzi upande ule, wote wamekalia visigino. Mwanafunzi anainama mpaka chini na kuomba afundishwe. Karatasi iliyoko mezani haina ile mistari mitano unayoijua kwenye kwaya. Inasomwa toka juu kwenda chini, safu ya kulia kwanza, kwa herufi za Kijapani zinazotaja mkao wa vidole: ro, tsu, re, chi, ri. Ro ni pale unapoziba matundu yote. Wanapuliza pamoja tungo nzima, labda mara mbili. Maelezo ni machache au hayapo kabisa. Mwanafunzi anainama tena, anashukuru, anampisha mwenzake ambaye muda wote alikuwa pembeni akisikiliza. Kule kusikiliza kwa pembeni ni nusu ya somo.

Nilikaa miaka miwili kwenye chumba cha aina hiyo. Wiki za mwanzo mwanzi wangu ulitoa upepo mtupu. Nikangoja mwalimu aniambie kosa langu liko wapi. Akapuliza ro. Nikapuliza upepo. Akapuliza ro tena, uso wake hauonyeshi kuchoka wala kufurahi. Mwezi wa kwanza nilimwona mkali, mwezi wa tatu nikamwona mvivu. Mwaka wa pili ndipo niligundua kwamba midomo yangu ilikuwa inafuata midomo yake bila mimi kuiagiza, hata mahali anapovuta pumzi ndipo nilipovuta. Aliyepita chuo cha Kurani hapa pwani hatashangaa: mwalimu anasoma, watoto wanafuatisha, na herufi inakaa sawasawa mdomoni siku nyingi kabla maana haijaingia kichwani.

Na kama ilivyo kwa wanazuoni wa pwani, kuna silsila na kuna ijaza. Mwanafunzi anajua mwalimu wake alisoma kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka mtindo ulipoanzia. Mkuu wa mtindo huitwa iemoto, mwenye nyumba kuu, na mara nyingi cheo kinarithiwa ndani ya ukoo. Mwanafunzi hupanda kwa orodha ya tungo: akimaliza kundi hili anapewa cheti, anaingia kundi linalofuata. Akifika mbali anapewa jina la kisanii, ambalo wakati mwingine lina neno chiku ndani yake, yaani mwanzi. Kisha kuna shihan, ruhusa ya kufundisha, na juu yake dai-shihan. Majina haya mapya ndiyo yanayowachanganya wageni. Wanadhani wamekutana na mtawa kumbe ni mwalimu wa hesabu aliyepata cheti chake.

Umeuliza analipwa na nani. Hasa hasa analipwa na wanafunzi. Ada ya mwezi hutiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kwa mikono miwili. Kumtolea mwalimu noti mfukoni ni utovu wa adabu. Katikati ya mwaka na mwisho wa mwaka kuna zawadi. Vyeti navyo hulipiwa, na kadiri cheti kinavyopanda ndivyo bei inavyopanda. Maonyesho na rekodi huongeza kidogo, kwa wachache huongeza sana. Aliyetangazwa hazina hai hupewa na serikali yen milioni 2 kwa mwaka, ili aunoe ufundi wake na kuwafunza warithi. Kwa maisha ya Tokyo, hizo si za kununulia nyumba. Wapulizaji wengi wenye ruhusa kamili ya kufundisha wana kazi nyingine mchana, ofisini au shuleni, na shakuhachi ni ya jioni na Jumamosi.

Mfumo huo wa vyeti una wakosoaji wengi, hata Japani kwenyewe, na mimi ni mmoja wao. Umewafanya watu walipie majina badala ya kufanya mazoezi, na umewafanya wengine waogope kusoma kwa mwalimu wa mtindo wa pili wasije wakaonekana wasaliti. Lakini nikiwa mkweli, mfumo huo huo ndio uliowaweka walimu hai baada ya 1871, wakati hekalu halipo na serikali haijali. Bahasha ya mwanafunzi ndiyo iliyozibeba tungo za Kinko mpaka zikamfikia Yamaguchi. Serikali ilichelewa kuja. Ni tangu mwaka 2002 tu ndipo mtaala wa shule za kati ulipotaka kila mtoto wa Kijapani aguse angalau ala moja ya asili, na wengi hugusa koto au ngoma, maana shakuhachi ndani ya kipindi kimoja cha darasani haitoi hata sauti.

Hapo tumefika kwenye miaka. Wapulizaji wana msemo wa kale: kutikisa shingo miaka mitatu, koro miaka minane. Shingo inatikisika kwa sababu ala yenyewe ina matundu matano tu, manne mbele na moja nyuma kwa kidole gumba. Matundu hayo yanakupa sauti tano. Nyingine zote zinatoka kichwani, kwa maana halisi ya neno: ukiinamisha kidevu, sauti inashuka na kuwa nyembamba na yenye ukungu, ukikiinua, inapanda na kung'aa. Kushusha huitwa meri, kuinua huitwa kari. Unaongeza na tundu lililofunikwa nusu, au robo. Mtu anayesikiliza kutoka nje anadhani mpulizaji amezama kwenye ibada, kumbe shingo yake inafanya kazi ambayo kwenye filimbi ya Kizungu inafanywa na vitufe vya chuma. Koro nayo ni ule mbinuko wa haraka wa vidole viwili kwenye matundu ya chini, sauti inabubujika kama maji kwenye mdomo wa mtungi. Msikilize Yamaguchi tena: pale korongo wanapopigapiga mabawa, ndiyo hiyo. Akina korongo wale hujenga kiota, hulea makinda, na makinda hukua yakaruka yakaenda zake. Waalimu husema ni tungo ya mapenzi ya mzazi kwa mtoto, na ni ngumu vidoleni kiasi kwamba mwanafunzi huifikia akiwa ameshakuwa mzazi mwenyewe.

Kwa hesabu ya kawaida, anayesoma kila wiki na kupuliza kila siku hufika shihan kwa miaka kumi hivi, kuna wanaotangulia na wanaochelewa. Kuitwa bingwa na wenzako ni jambo jingine, halina cheti.

Kila siku maana yake nini? Maana yake ni ro. Mpulizaji mwenye uzoefu wa miaka 40 bado anaianza siku kwa kupuliza ile sauti moja ya matundu yote yamefungwa, pumzi moja ndefu mpaka iishe, kisha nyingine. Wanaiita robuki, kupuliza ro. Wapo wanaofanya dakika kumi, wapo wanaofanya saa. Wale watawa wa zamani walisema sauti moja inatosha kumfikisha mtu kwenye uamsho wa Kibudha; mpulizaji wa leo asiye na dini atakwambia ni kupasha midomo moto. Nimewahi kukaa na wote wawili, na kwa sikio langu ro zao zilikuwa sawa.

Nisikuache ukidhani mabingwa wote ni wa aina ya Yamaguchi. Chukua mwaka 1967. Yamaguchi alikwenda Marekani kufundisha Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, na kile kipande chako kilirekodiwa huko huko Marekani. Mwaka huo huo, tarehe 9 Novemba, jijini New York, Yokoyama Katsuya alisimama na shakuhachi yake mbele ya okestra nzima ya New York Philharmonic, pembeni yake Tsuruta Kinshi akiwa na biwa, ala ya nyuzi ya Kijapani, na Ozawa Seiji akiongoza. Tungo ilikuwa November Steps ya Takemitsu Toru. Takemitsu hakujaribu kuzichanganya ala za Kijapani na violini kama mtu anavyochanganya tui na mchuzi. Aliziacha zikae mbali, kila upande na pumzi zake. Kuna sehemu ndefu ambapo okestra yote inanyamaza na shakuhachi na biwa zinabaki peke yake. Basi Wajapani wawili, wamepishana mwaka mmoja tu kuzaliwa, nchi moja ya kigeni, mwaka mmoja: huyu mpole, sauti yake imenyooka kama uzi wa mshoni, yule sauti yake ina kishindo, pumzi inapasuka kwa makusudi, wenyewe huiita muraiki. Baadaye, mwaka 1988, Yokoyama alianzisha kituo cha kimataifa cha shakuhachi katika mji mdogo wa Bisei, Okayama, na mwaka 1994 wapulizaji wa dunia wakakusanyika huko.

Mmoja wa walimu wa Yokoyama alikuwa Watazumi Doso, 1911 hadi 1992, na huyo ndiye anayekaribia ile picha ya mzee wa msituni. Aliamka usiku haujaisha akafanya mazoezi ya viungo kwa fimbo. Alipuliza mianzi minene ambayo haijapakwa kitu ndani, mingine mirefu kiasi kwamba vidole vya mtu wa kawaida haviyafikii matundu. Hakutaka hata iitwe shakuhachi, aliiita hocchiku. Wala hakutaka alichokifanya kiitwe muziki, alisema anafanyia mazoezi uhai wake. Nikimsikiliza naogopa kidogo. Lakini hakuachia nyuma yake mtindo wenye vyeti, na anayetaka kumfuata leo hupitia kwa waliosoma kwa Yokoyama. Hata mzee wa msituni alihitaji mwanafunzi mwenye chumba.

Kuhusu mwanzi wenyewe nitapita haraka, ingawa mafundi wakinisoma watanilaumu. Ni aina iitwayo madake. Hauukati, unauchimba, maana mwisho wa filimbi ni shina pamoja na vikonyo vya mizizi. Huchimbwa miezi ya baridi, wakati maji ya mti yamepungua. Huokwa juu ya makaa mpaka mafuta yatoke na kufutwa, huanikwa juani, kisha huwekwa miaka kadhaa ukauke. Fundi anatafuta vifundo saba vilivyojipanga vizuri, na katika rundo zima mianzi mingi itakataa. Mdomo unachongwa mshazari kwa nje na kutiwa kipande kidogo cha pembe. Ndani, filimbi nyingi za kisasa hupakwa udongo laini uliokandwa kwa utomvu wa mti wa urushi, ili sauti ikae sawasawa. Urefu wa kawaida ni shaku moja na sun nane, vipimo vya kale, na kwa Kijapani nane ni hachi. Ndiyo jina shakuhachi lilipotoka. Kwa vipimo vyetu ni sentimita 54.5. Ya fundi mzuri inauzwa yen laki kadhaa, kwa hiyo usiianze safari kutoka huko.

Na wewe, unaweza kuanza ukiwa Tanga? Unaweza. Ungekuwa umezaliwa enzi ya Edo ningekujibu hapana, kwani ilikuwa ya komuso tu. Siku hizi wanawake wanapuliza, wageni wanapuliza, na mwaka 1980 Mmarekani Riley Lee alikuwa mtu wa kwanza asiye Mjapani kupewa dai-shihan. Walimu wengi wanafundisha kwa intaneti, hata kama chumba cha kwenye simu si sawa na tatami. Mianzi yetu ya nyumbani sikushauri kwa sasa. Utapoteza miezi ukidhani kosa ni lako kumbe ni la mwanzi, au kinyume chake.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua kipande cha bomba la plastiki la maji la robo tatu. Kata sentimita 54.5. Upande mmoja uchonge mshazari kwa tupa, kwa nje, upate ukingo mkali wa upana wa ukucha wa kidole kidogo, halafu usugue kwa msasa usije ukakuchana mdomo. Usitoboe tundu hata moja. Kiegemeze kidevu upande wa pili wa ukingo, kiasi cha kuliziba bomba kwa juu, kisha puliza kama ulivyokuwa ukipuliza mdomo wa chupa ya soda utotoni. Filimbi yako ya kwaya ina mdomo uliokwisha kutengenezwa, hii mdomo unautengeneza wewe, kwa hiyo usishangae ukikaa siku tatu na upepo mtupu. Kama umewahi kumwona mpiga nai wa taarabu asilia akihangaika kuitafuta pembe ya midomo yake, ni ndugu wa taabu hiyo.

Sauti ikitoka, hiyo ndiyo ro. Ipulize dakika kumi kila asubuhi kwa mwezi mzima, bila wimbo, uani. Matundu tutayatoboa ukiniandikia kwamba imekaa, na usiniandikie kabla shemeji hajasema kwamba anaisikia hata akiwa jikoni.